Haisikiki

Mkate wangu hapa London naupata kwa kuwalea wazee wa watu. Nawaosha, nawavisha, nawapa dawa zao, nawasikiliza wakinieleza habari za mbwa waliokufa zamani. Kazi ya pili naifanya mezani kwangu Woolwich, Jumamosi na Jumapili: nasikiliza sauti za watu wa kwetu zilizorekodiwa kwa ajili ya filamu, na naandika kwa Kiingereza walichosema. Yale maandishi meupe yanayopita chini ya picha, ambayo mwenye kujua Kiswahili hana haja nayo, mengine ni ya mkono wangu.

Kazi yenyewe haina mambo mengi. Unaandika dakika na sekunde, nani anasema, kasema nini. Pahali ambapo pikipiki imepita au jogoo kamwikia mtu juu ya maneno yake, unaandika neno moja tu: haisikiki. Mwongozaji akiliona anaruka anaendelea mbele, hakuulizi kitu. Mimi nilikuwa silipendi neno lile. Nilikuwa naona kuliandika ni uvivu. Nitarudia sekunde tatu mara ishirini, chai inapoa, shingo inauma, mpaka nilinase lile neno lililofichika, na nikilinasa najipongeza mwenyewe kwa sauti. Naishi peke yangu, hakuna wa kunicheka.

Sasa huyu mwongozaji wa kisa hiki. Ni binti kazaliwa hapa hapa, kakulia Harrow. Mamake ni mtu wa Mombasa kama mimi, tulijuana kwenye harusi moja miaka hiyo tukawa mashoga wa chanda na pete, na binti nimemjua tangu anatambaa. Ukimsemesha Kiswahili anakuelewa, lakini jibu litatoka kwa Kiingereza, na mamake alishachoka kumgombeza. Mimi ananiita Anti. Aliposema anataka kutengeneza filamu, mamake alilia wiki nzima kana kwamba mtoto kafungwa.

Alitaka kusimulia habari za wazazi ambao watoto wao walikwenda kufanya kazi Ghuba kisha wakanyamaza. Si wale wanaorudishwa ndani ya sanduku, hao angalau unajua. Wale walionyamaza tu. Akaenda akakaa miezi miwili katika mji mdogo kusini mwa Mombasa, nyumbani kwa mzee mmoja na mkewe, na aliporudi akaniita Edgware Road kwenye mkahawa wa Waarabu anipe faili.

Ilikuwa majira ya joto, na nje ya dirisha wageni wa Ghuba walikuwa wanapita na familia zao, na nyuma ya kila familia msichana mmoja mweusi au wa Kifilipino anasukuma kigari cha mtoto, mifuko imemjaa mikono yote miwili. Binti aliwatazama, akaniuliza kama nimewaona. Nikamwambia ninawaona kila mwaka, kunywa chai yako. Nilikuwa na hasira siku ile, na hasira yangu haikuwa ya wale wasichana peke yao.

Nikamwambia wazi: mwanangu, mimi nimechoka. Nimeziandikia Kiingereza filamu nyingi za kwetu, na nyingi ni mama mmoja yule yule. Kakaa kizingitini, kanyamaza, vumbi linapita, nzi wanapita, muziki wa huzuni. Waongozaji wetu wa siku hizi ni hodari, wana kamera nzuri kuliko za Wazungu, lakini wakimfikia mama wa Kiafrika wanampa subira halafu wanamwacha hapo. Hebu nitafutie mwanamke mwenye akili. Mwenye hila, mwenye kusema uongo kama mimi na mama yako. Akacheka sana, akasema atajaribu. Laiti ningefunga mdomo wangu.

Mzee wa kwenye filamu alikuwa fundi cherehani mpaka kisukari kikamla macho yote mawili. Kijana wao mmoja alikwenda kufanya kazi ya ulinzi, akawa anapiga simu kila Ijumaa, kisha ikafika Ijumaa asipige. Miaka mitatu ikapita. Kila siku baada ya swala ya alasiri mzee anashikwa mkono anapelekwa barazani, simu iko mfuko wa shati, mlio umefunguliwa mpaka mwisho. Anapiga soga na wapita njia. Mcheshi hasa, anajua kuigiza sauti za wateja wake wa zamani. Simu ikilia anaitoa haraka, na akisikia si mwanawe anamshukuru tu huyo mtu kwa kupiga. Mkewe yuko uani anakaanga viazi vya karai vya kuuza, na akiulizwa na binti habari za mwanawe anajibu maneno mafupi: tunangoja, tunamwachia Mungu. Kizingiti kile kile, mama yule yule. Nikaandika huku nasonya.

Mpaka faili ya siku ya kumi na moja.

Pale kamera ilikuwa imezimwa. Binti kaenda zake kupumzika, lakini maiki, ile ndogo ya kubandikwa nguoni, kaisahau ndani ya leso ya yule mama, na chombo cha sauti kikaendelea. Hakuna picha, giza tupu na sauti. Nasikia mbuzi ya kukunia nazi, kwaru, kwaru. Nasikia jirani anaingia, anakaa, anauliza kwa kunong'ona kama hawa watoto wa Ulaya watamtafuta kijana kweli.

Mama akasema: "Watamtafutia wapi? Kafa, mwenzangu. Huu mwaka wa tatu."

Nazi haikusimama. Akaeleza kwa sauti ya chini, haraka haraka, Kiswahili cha jikoni ambacho binti wa Harrow hakiwezi hata umlipe. Kijana aliyekuwa analala chumba kimoja na mwanawe ndiye aliyempigia. Mwanawe alimtoroka tajiri wake kwa mateso, akawa anafanya kazi kwa kitambulisho cha mtu mwengine, akaanguka kazini, na akazikwa kwa jina la huyo mwenye kitambulisho. Hakuna barua itakayokuja. Hakuna kaburi la kuulizia.

"Na mzee?" jirani akauliza.

"Mzee hajui, na hatajua maadamu mimi nina pumzi. Mtoto hakutaka kwenda. Babake ndiye aliyemshikilia aende. Akijua, atanifia siku hiyo hiyo. Nimemwomba Mungu amchukue yeye mwanzo, angali anangoja. Mimi nitalia baadaye."

Jirani akaanza kulia yeye. Mama akamwambia anyamaze, mzee ana masikio. Kisha akasema kuwa hitima kamsomea mwanawe peke yake, hapo hapo jikoni, kwa sauti ya chini, huku anakuna nazi asisikike.

Nilivua vile vyombo vya masikioni nikakaa. Nililia, sisemi uongo. Nilimlilia yeye na nikamlilia mamangu mimi, aliyenifia nikiwa huku naosha mama wa mtu. Halafu, Mungu anisamehe, nilifurahi. Huyu hapa mwanamke wangu! Huyu hapa mwenye akili na hila na uongo, uongo mkubwa kuliko nyumba, ameubeba miaka mitatu mgongoni na viazi anakaanga. Wacha London imwone.

Lile neno lilinijia, na hapo sidanganyi pia. Niliona kabisa pale pa kuliandika. Dakika nne zote: haisikiki, haisikiki, haisikiki. Binti asingejua maisha yake yote. Mtu wa kwetu anajua kuwa maneno yale yalikuwa na sitara, yalisemwa na mwanamke kwa mwanamke mwenzake ndani ya kuta nne. Nilijua, na nikayaandika yote, neno kwa neno, na Kiingereza changu hakijawahi kuwa kizuri kama siku ile.

Binti alinipigia usiku ule ule analia. Akaniuliza, Anti, nitie? Yule mama ametia sahihi karatasi ya ruhusa, lakini hajui kuwa haya yamerekodiwa. Namsifu mtoto, aliuliza. Na akauliza la pili: mzee je, akija kujua?

Nikamwambia: "Tia. Filamu hii ni ya huku, ya matamasha. Mzee kipofu ataitazamia wapi?"

Ni mimi niliyesema, kwa mdomo huu.

Ilipoonyeshwa hapa London nilivaa dera langu la sikukuu. Ukumbi ulijaa. Binti alikuwa ameiweka sauti ile ya jikoni juu ya picha ya karai, mafuta yanachemka polepole, viazi vinageuka, na chini yake yanapita maneno yangu. Mama mmoja wa Kiingereza kando yangu alinishika mkono bila kunijua. Mwisho watu wakasimama wakapiga makofi, jina langu likapita kwa maandishi madogo, na mimi kichwa kikavimba, hata kwenye treni nilikuwa natabasamu peke yangu. Kwenye maswali mtu mmoja aliuliza habari za ustahimilivu wa wanawake wa Afrika, nikasonya, lakini kwa furaha.

Baadaye binti akaniambia kuwa anaipeleka filamu kule kule ilikotengenezwa. Waongozaji wetu vijana siku hizi wana ada hiyo, na ni ada nzuri. Hawataki kufanya kama wale wa zamani waliokuja wakapiga picha wakapotea, watu wasijue hata sura zao zimekwenda wapi. Wanarudi na mashine ya kuonyeshea picha na shuka jeupe, wanakaa na wenyeji wanaitazama pamoja. Nilikuwa ndani ya basi aliponitumia ujumbe wa sauti kunieleza: wamepata ukumbi wa shule, madirisha yatazibwa kwa mablanketi, saa kumi jioni, mji mzima umealikwa. Nikamrudishia picha ya maua yenye maneno Mungu akujaalie. Maua! Wallahi maua.

Nimejiuliza mara ngapi vipi hatukuona, mimi na yeye na wote waliokaa kwenye ukumbi ule wa London. Jibu ninalo, na ni la aibu. Kwangu maneno yale yalikuwa yameshakuwa maandishi. Niliyachukua nikayafanya Kiingereza, nikayasoma mara mia kuyasahihisha, nikasahau kuwa chini yake bado mama anasema. Binti naye hakuyaelewa kwa sikio hata siku moja, aliyaelewa kwa kuyasoma. Sisi wawili tulikuwa tumeitengeneza siri ya kusomwa, na tulikuwa tunaipeleka kwa watu ambao hawana haja ya kusoma kitu.

Siku yenyewe nilikuwa kwa bibi mmoja ninayemhudumia, Jumamosi mchana, nimeshika zamu ya mwenzangu, saa nane za huku. Bibi huyu ni kiziwi. Anatazama televisheni kwa kusoma maandishi ya chini, na sauti huwa juu vile vile kwa sababu haimsumbui. Nilikuwa jikoni kwake namsagia chakula, nimempa mgongo, nikawa nasikia mchezo wote bila kuona kitu. Mwanamke mmoja anaungama jambo kwa mwenziwe. Nilielewa kila neno kwa masikio matupu.

Mkono ulisimama. Nikamwona mzee wa watu, kipofu, kakaa ukumbini.

Sijui nilivyoifikia simu. Nilimpigia binti, imezimwa, maana filamu imeanza. Nikapiga tena. Nikampigia mamake Harrow, nikamwambia mtafute, mwambie aikate, azime mashine, aseme umeme umekatika. Akaniuliza nina nini, nimeumwa? Nikapiga tena na tena, bibi anagonga meza kwa kijiko anataka chakula chake, mimi nimesimama katikati ya jikoni ya mtu nasema, Mola wangu, kata umeme. Mji ule umeme unakatika kila siku. Siku ile haukukatika.

Alinipigia baada ya saa nzima. Akanieleza kwa vipande.

Mzee aliwekwa mstari wa mbele, kavaa kanzu iliyopigwa pasi, maana alitaka kujisikia mwenyewe. Na watu walifurahi naye! Kila alipoigiza mteja kwenye filamu ukumbi ulivunjika kwa kicheko, na yeye anageuka nyuma kuwaamkia. Kisha likaja karai. Ikaja nazi, kwaru, kwaru, halafu sauti ya mkewe, kubwa, imejaa ukumbi mzima, kunong'ona kule kumefanywa kelele kwa spika mbili.

Kafa, mwenzangu.

Binti anasema alikimbilia mashine lakini alikuwa mbali, na watu wamekaa chini njia nzima. Dakika nne ziliisha zote. Mzee aliinua kichwa tu, akawa ametulia, kama mtu anayesikiliza kama mlango wake ndio unaobishwa. Sauti ilipokoma akauliza: "Nani kafa?"

Mkewe alikuwa upande wa wanawake. Akasimama, akasema kwa sauti yote: "Mashine mbovu hiyo, haisikiki vizuri."

Mzee akasema: "Mimi nimesikia."

Akainuka. Vijana wakamkimbilia kumshika, akawakataa. Alingoja mpaka mkewe alipomfikia, akaingiza mkono mfukoni, akaitoa simu, akampa. Wakatoka wawili.

Hakumaliza mwezi. Mkewe alisema atamfia siku ile ile, na katika hilo tu alikosea.

Nilipiga simu kutoa pole. Niliogopa sana kupiga, lakini kutopiga kungekuwa uhayawani. Aliipokea jirani, yule yule, sauti yake ninaijua kuliko ya ndugu zangu maana nimeirudia mara mia. Akasema mama yuko eda, hazungumzi kwa simu. Nikasema naelewa, mpe pole zangu nyingi, mwambie nalia naye. Akauliza: "Wewe ndiwe uliyeyaandika?"

Nikasema, ndimi.

"Haya," akasema, akakata.

Naweza kukaa nikasema mengi ya kujitetea. Kwamba uongo hauna maisha, kwamba mtoto alistahili kusomewa hitima na babake. Watu wameniambia hivyo, mamake binti kaniambia, kwa kunionea huruma. Lakini yule mwanamke hakuniomba maoni. Alikuwa na mzigo wake kaupanga vizuri, kajua ataubeba mpaka wapi na ataushusha wapi, na mimi niliyekuwa nikitafuta mwanamke mwenye akili nikajifanya nina akili kuliko yeye.

Binti aliacha kufanya kazi kwa muda mrefu. Alikonda, mamake akanipigia kila siku. Kisha mwezi uliopita akaja Woolwich, akakaa pale anapokaa siku zote, akatoa faili nyingine. Kumbe siku ile ukumbini alikuwa ameweka kamera nyuma, kama wanavyofanya, ili kunasa watu wakijitazama. Na mzee alikuwa kafungwa maiki kwenye kanzu, apate kunaswa akicheka. Alitoka nayo. Ikawanasa njia nzima ya kurudi nyumbani, yeye na mkewe, mpaka walipofika barazani. Waliomsaidia kutengeneza filamu wanasema bila hiyo haina mwisho, na tamasha fulani linaitaka tena ikiwa na mwisho. Yeye mwenyewe hajui la kufanya. Alisema hayo yote kwa Kiingereza, anatazama meza, na sikumgombeza.

Nikamwambia aniachie.

Niliisikiliza Jumapili asubuhi, mlango nimefunga. Dakika tisa. Hakuna pikipiki, hakuna jogoo, upepo haukuwepo. Nyayo zinasikika kwenye kokoto, pumzi zao zinasikika. Wanasema mmoja mmoja, hawakatizani. Waliishi pamoja miaka mingi, na walijua kuzungumza.

Nikachukua karatasi, nikaandika dakika na sekunde kama kawaida. Nikaandika: mume. Nikaandika: haisikiki. Nikaandika: mke. Nikaandika: haisikiki. Nilifanya hivyo mpaka chini ya ukurasa, na ukurasa wa pili, na wa tatu. Nikamtumia.

Jioni akanipigia. Akaniuliza, Anti, una hakika? Yeye kasikiliza, na kwake anasikia kama mzee anamwita mkewe, halafu kuna kitu kuhusu mtoto, na mwisho kama wanacheka au wanalia.

Nikamwambia: "Haisikiki, mwanangu."

Nilisikia televisheni ya mamake huko nyuma. Kisha akanijibu, na mara hii alinijibu kwa Kiswahili. Akasema: "Haya, Anti. Nitaifuta."